Dakika Nne za Madam Gathoni

Walubengo alikuwa na tabia ya kulamba kidole kabla ya kufungua ukurasa. Ndiye aliyekuwa mwalimu mkuu wetu, katika shule ya wasichana iliyo mwendo mfupi kutoka uwanja wa Kanduyi, na kila karatasi iliyopita mezani pake ilirudi ikiwa na unyevu pembeni. Sisi walimu tulizoea. Madam Gathoni hakuzoea. Akirudishiwa karatasi zake alizishika kwa ncha za vidole, akazianika dirishani mwa maabara, kisha akaenda kunawa.

Jina lake kamili lilikuwa Gladwell Gathoni Kagwe. Alifundisha fizikia. Babake, mzee Hiram Kagwe, alikuwa mkulima wa mahindi nje ya mji wa Kitale, mmoja wa wale waliohamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri wakiwa vijana wakanunua ekari chache. Mimi ni Wekoye, mwalimu wa Kiswahili, mzaliwa wa hapa hapa Bungoma. Meza yangu ilikuwa karibu na yake katika stafrumu, chumba cha walimu, kwa miaka minane, na haya ninayoyasimulia niliyaona, na mengine niliyafanya.

Likizo zote Gathoni alizitumia Kitale kwa wazazi wake, na kila likizo alipoteza asubuhi kadhaa kwenye saiba moja, duka la intaneti, karibu na soko, akisoma mambo ya wanaanga na kuyapigisha chapa. Mwezi wa tisa mwaka wa 2007, muhula wa tatu ulipofunguliwa, alikuja na faili la plastiki na macho ya mtu aliyelala kidogo.

“Wekoye, keti hapa. Nataka kukueleza kitu.”

“Mimi ni mtu wa Kiswahili, Madam.”

“Ndiyo maana nakueleza wewe. Ukielewa wewe, wasichana wataelewa.”

Akanieleza. Kuna mwanga ambao macho hayauoni, wenye nguvu kushinda hata ule wa eksirei ya hospitali. Mwanga wa namna hiyo ulitoka kwenye galaksi ya mbali, ukasafiri miaka kama milioni mia tano, ukafika duniani mwezi wa saba wa 2005. Darubini kubwa iliyo kisiwani, nje ya pwani ya Afrika upande wa magharibi, iliukamata. Wanasayansi walipoupanga kwa nguvu zake waliona jambo la ajabu. Ule wenye nguvu nyingi zaidi ulionekana kufika nyuma ya ule wenye nguvu kidogo, kama dakika nne hivi.

“Na si mwanga wote unakwenda kasi moja?” niliuliza. Hilo hata mimi nililikumbuka tangu sekondari.

“Katika anga tupu, ndiyo. Ndiyo tunafundisha. Ndiyo Einstein alijengea kazi yake.”

“Basi alikosea!”

“Ona sasa. Hata wewe umekimbilia huko.” Alicheka. “Chukua wasichana wawili wakimbie kutoka Kitale hadi Bungoma. Mmoja afike dakika nne baada ya mwenzake. Utajuaje kama ni barabara ilimchelewesha, au ni yeye alichelewa kutoka?”

“Nitamwuliza.”

“Mwanga hauulizwi, bana. Utatafuta wakimbiaji wengine, waliotoka mbali zaidi. Kama ni barabara, safari ikirefuka, kuchelewa nako kutazidi. Kama hakuzidi, basi barabara haina makosa, ni mtu tu alichelewa kutoka nyumbani.”

Barabara yenyewe, alisema, ndiyo iliyowakosesha wataalamu usingizi. Wako wanaodhani kwamba anga, ukiichungulia kwa udogo usioweza kupimwa na chombo chochote, si laini. Ina mikwaruzo, kama barabara ya murram baada ya mvua, na mwanga wenye nguvu nyingi huihisi mikwaruzo hiyo zaidi. Ingekuwa kweli, vitabu vyote vya fizikia vingeandikwa upya. “Lakini hawajasema ni kweli,” aliniambia akigonga karatasi kwa kalamu. “Wamesema huenda. Wenyewe wameandika kwamba pengine chanzo chenyewe ndicho kilichelewa kuutoa.”

Baada ya hapo ulikuja uchaguzi na ghasia za kikabila zilizoufuata. Shule zilifunguliwa zikiwa nusu tupu mwezi wa kwanza wa 2008. Nyumba ya shangazi yake Gathoni, ng'ambo ya Kitale, ilichomwa, na familia ikalala kwenye hema hadi mvua za masika. Yeye mwenyewe alirudi kazini mwezi wa pili, akapita langoni peke yake na begi lake, akaingia darasani akafundisha vipande vya kioo na mikunjo ya mwanga kama kawaida. Wengi wetu tulimsalimia. Wachache walitazama pembeni. Nayakumbuka majina yao.

Muhula wa pili alianza kuwafundisha wasichana wa klabu ya sayansi habari ya zile dakika nne. Walichora galaksi kwenye karatasi kubwa, walipima kamba uwanjani, walikimbizana na saa mkononi. Aliyeshika sana alikuwa Phelista, wa kidato cha tatu, binti wa mama anayeuza viazi vitamu kando ya barabara ya Kanduyi. Phelista aliuliza maswali mpaka Gathoni akamwambia aandike mengine, atamjibu Jumatatu.

Walubengo alipita maabara siku moja akayaona haya. Nilikuwapo. Alisimama mbele ya mchoro, mikono nyuma, akatikisa kichwa polepole.

“Ati Einstein ameangushwa? Hapa kwetu?”

“Hapana, mwalimu mkuu,” Gathoni alisema. “Kuna dalili tu, na inaweza kuwa na maelezo mengine.”

“Hii ni kubwa, Madam. Hii wazazi lazima waione.”

Aliagiza kijitabu cha Kiswahili kwa ajili ya siku ya wazazi. Gathoni aliandika kwa Kiingereza kurasa kumi na mbili, nami nikapewa kazi ya kutafsiri. Niliifanya kwa moyo. Nilitafuta maneno mpaka usiku, nikajivunia sentensi zangu. Nilipopeleka, Walubengo alilamba kidole, akafungua ukurasa wa nne, akaweka ukucha juu ya neno moja.

“Hii ‘huenda’ inafanya nini hapa?”

“Ni ya Madam, mwalimu. Amesema ni lazima.”

“Imerudiwa mara ngapi? Mzazi ametoka Chwele na nauli yake, anakuja kusoma huenda? Toa. Mwisho weka ‘imethibitishwa.’”

Nilisema kitu. Nilisema, nadhani, kwamba labda tumwulize mwenyewe. Alinitazama akatabasamu, akaniambia idara ya lugha haina mkuu tangu mwenzetu astaafu, na kwamba anatafuta mtu anayejua kusikia. Nikarudi mezani kwangu. Nilizitoa zote, saba, nikaweka neno lile lingine mara mbili. Haikunichukua hata robo saa.

Siku ya wazazi kijitabu kilitoka na jalada la samawati na picha ya Walubengo ndani, na chini yake maandishi madogo: kwa msaada wa Bi. G. Gathoni. Gathoni aliposimamishwa awaonyeshe wasichana wake, wazazi walipiga makofi hadi vumbi likapanda. Mtangazaji wa redio ya mtaani alimwekea kinasa sauti mdomoni. Jioni, hema zikikunjwa, alikaa kwenye benchi akakifungua kijitabu kwa mara ya kwanza. Nilimwona akigeuza kurasa. Nilimwona akirudi nyuma, akisoma tena.

Alinijia stafrumu Jumatatu. Hakupaza sauti. “Wekoye, ni wewe umetoa, ama ni yeye?”

“Aliniambia.”

“Sikukuuliza nani alikuambia.”

“Ni mimi.”

Aliangalia kikombe changu cha chai, ambayo ilikuwa imeshafanya utandu juu, akakunja uso kama mtu aliyeonyeshwa kidonda. Akaenda zake. Wiki hiyo nilithibitishwa kuwa mkuu wa idara.

Gathoni alimwendea Walubengo akaambiwa kijitabu ni cha wazazi tu, hakiingii darasani, asiwe na wasiwasi. Muhula uliofuata kilikuwa kwenye orodha ya vitabu vya kila msichana.

Mwishoni mwa mwaka huo wa 2008 alileta karatasi nyingine. Darubini zilizo Namibia zilikuwa zimeangalia galaksi iliyo mbali mara tatu hivi kuliko ile ya kwanza, yenye mlipuko mkali wa mwanga huo huo, na hazikuona kuchelewa kokote. Alimwomba Walubengo wachapishe ukurasa mmoja wa masahihisho. Jibu lilikuwa kwamba tungoje. Alingoja. Mwezi wa nane wa 2009, akiwa Kitale likizoni, alipata ile iliyomaliza maneno. Setilaiti ilikuwa imenasa mlipuko wa nyota tarehe kumi mwezi wa tano mwaka huo huo. Mwanga wake ulikuwa umesafiri zaidi ya miaka bilioni saba. Haukuwa na nguvu nyingi kama ule wa zile dakika nne, lakini safari ilikuwa ndefu mno na mlipuko wenyewe mfupi mno, kwa hivyo kipimo kilikuwa kikali kuliko vyote vilivyotangulia. Chembe yake moja yenye nguvu kuliko zote ilifika pamoja na wenzake, ndani ya sekunde moja.

“Sekunde moja, Wekoye, kwa miaka bilioni saba,” aliniambia. Alikuwa ameanza kuzungumza nami tena, ya kazi tu. “Barabara ni safi. Nilifurahi nikalia pale saiba, watu wakadhani nimefiwa.”

Furaha hiyo ilidumu hadi aliposahihisha mitihani ya majaribio ya kidato cha nne. Swali lilikuwa jepesi: taja jambo moja ambalo mawimbi yote ya mwanga huwa nalo sawa katika ombwe, yaani anga tupu. Jibu ni kasi. Wasichana kumi na mmoja waliandika kwamba kasi si moja, kwamba mwanga wenye nguvu nyingi hubaki nyuma, na kwamba hili limethibitishwa. Aliweka alama ya kosa mara kumi na moja. Karatasi ya Phelista ilikuwa miongoni mwao.

Phelista alikuja stafrumu akiwa na kijitabu mkononi, ameshika ukurasa kwa kidole. “Mwalimu, darasani ulituambia bado inapimwa. Lakini hapa imeandikwa imethibitishwa. Na jina lako liko. Nikaona labda wewe ulikuwa unatuficha jibu la kwenye mtihani.”

Mimi nilikuwa mita mbili kutoka hapo, nimeinamia insha za kidato cha pili, kalamu yangu haiandiki chochote. Nilisikia Gathoni akimwambia msichana, “Wewe hujakosa. Ni sisi tumekosa. Utapata alama zako tukishakaa chini wote.” Msichana alipotoka, Gathoni alikichukua kijitabu kilichoachwa mezani kwa ncha za vidole vile vile, akakitia kwenye pipa la taka. Alinawa mikono kwenye karai la stafrumu, akasugua mpaka vifundo vikawa vyekundu.

Nilikuwa naye alipokwenda ofisini tena, kwa sababu aliniomba nishuhudie. Walubengo alikuwa akila maini ya kuchoma kutoka kwenye gazeti. Alisikiliza akitafuna.

“Madam, tuko karibu kutoa chapa ya pili. Watu wa elimu mkoani wamenisifu kwa hiki kitu. Wewe sasa unataka niwaambie shule yangu inafundisha uongo?”

“Nataka tuwaambie iliyo kweli. Sayansi hufanya hivyo kila siku, si aibu.”

“Aibu ni nini?” Alipangusa mdomo kwa kiganja. “Nilikupokea mwezi wa pili ule, wakati watu wa huku walikuwa hawataki kusikia jina kama lako. Nilisimama langoni kwa ajili yako. Si unakumbuka?”

Hakusimama langoni. Mimi nakumbuka lango lile, halikuwa na mtu isipokuwa askari wetu. Gathoni alimtazama. “Asante kwa kunikumbusha,” alisema. Tukatoka.

Siku ya wazazi ya mwaka huo ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tisa, jua kali baada ya mvua ya alfajiri. Gathoni alikuwa kwenye ratiba kutoa zawadi za sayansi. Alipopewa maikrofoni hakuchukua bahasha. Alisema kwa Kiswahili chake cha Kitale, kisichopambwa:

“Wazazi, kile kitabu cha samawati mlinunua, kina makosa. Imeandikwa imethibitishwa. Haikuthibitishwa. Wakati ule ilikuwa huenda. Sasa imepimwa vizuri zaidi, na mwanga haukuchelewa njiani. Watoto wenu wamepoteza alama juu ya hicho kitabu. Jina langu liko ndani, kwa hivyo naomba msamaha.”

Walubengo alisimama akicheka, akachukua maikrofoni ya pili. “Madam wetu anapenda kusoma sana! Kila siku mambo yanabadilika huko juu. Sasa tumwulize mwenye lugha. Mwalimu Wekoye, simama. Wewe ndiye ulitafsiri. Kuna makosa kwa tafsiri yako?”

Nilisimama. Watu mia tatu walinigeukia. Gathoni naye aligeuka, na uso wake haukunisihi, ulingoja tu. Nilikuwa nimevaa tai niliyonunua nilipopewa ukuu wa idara.

“Tafsiri iko sawa,” nilisema.

Walubengo akaamuru muziki upigwe. Mzazi mmoja mwanamume alimshika Gathoni mkono akipita, akamwuliza kwa upole, “Kwa hivyo haukuchelewa. Sasa mtoto wangu atapita?” Wengine walishaanza kupanga foleni ya pilau. Mama yake Phelista peke yake alibaki ameketi, kijitabu chake mwenyewe kwenye mapaja, akakichana katikati, kisha katikati tena, bila haraka. Mimi nilikwenda nyuma ya vyoo nikatapika, na hata hilo lilinichukiza, kwa sababu nilijua kutapika si kusema.

Barua ya uhamisho ilifika kabla ya wiki tatu kwisha. Alipewa shule ndogo ya kutwa Kitale, upande wa Kipsongo, isiyo na maabara. Aliomba muda hadi watahiniwa waanze mtihani wa kitaifa, akapewa siku kumi. Siku hizo kumi aliwaketisha wale wasichana kumi na mmoja, mmoja mmoja, chini ya ukuta wa maabara baada ya masomo, akawafundisha upya sura nzima ya mawimbi. Hakuniaga. Alipanga vioo vyake kabatini, akafunga, akaacha ufunguo kwa naibu.

Mwezi wa kumi na mbili nilikwenda Kitale. Niliwakuta yeye na babake kwenye turubai uani, wakipukuchua mahindi kwa mikono. Mzee Hiram aliniuliza mimi ni nani.

“Ni mwalimu tulifanya kazi pamoja, Baba,” Gathoni alijibu kabla yangu. Akanionyesha kigoda. Nilishika gunzi, nikaanza kupukuchua, maana sikujua nifanye nini na mikono.

Mzee alipokwenda kuwapa ng'ombe maji nilimwomba msamaha. Niliusema wote, wa zile ‘huenda’ saba na wa siku ile ya hema.

“Sikutaka uwe shujaa, Wekoye,” alisema. “Ungekaa kimya ningeelewa. Watu hukaa kimya, wana watoto. Lakini ulisimama ukasema.”

“Najua.”

“Unajua nini kinanichukiza zaidi? Yale makofi ya mwaka wa kwanza. Kabla sijafungua kitabu. Niliyapenda. Nilipiga simu nyumbani papo hapo nikasimulia redio walivyonihoji. Mchana mzima nilijiona mtu. Walubengo alijua nitayapenda, ndiyo maana alinisimamisha mbele.” Alitupa gunzi kwenye rundo. “Sijui kama nimekusamehe. Kunywa chai. Baba ataudhika ukiondoka bila chai.”

Nilikunywa. Aliniambia habari za shule yake mpya, kwamba madawati hayatoshi, kwamba amepata kioo kilichovunjika cha gari na kinatosha kufundishia, kwamba mtoto mmoja amemwuliza kama giza nalo lina kasi. Alipofika hapo alisahau kunikasirikia, akaeleza kwa mikono miwili, punje zikidondoka. Kisha akakumbuka, akarudi kupukuchua.

Shule zilipofunguliwa niliandika ukurasa mmoja wa masahihisho, kwa jina langu na sahihi yangu, nikaeleza nilichofuta na nani aliyeniagiza. Niliubandika kwenye ubao wa matangazo. Ulichanwa kabla ya chai ya saa nne. Nikabandika mwingine. Mara ya tano niliitwa ofisini nikavuliwa ukuu wa idara, na tangu siku hiyo hakuna aliyechana tena, pengine kwa kuwa waliokuwa wakisoma walikuwa wameshasoma. Nilituma nakala Kitale. Sikujibiwa. Matokeo yalipotoka, Phelista alikuwa amepata B ya fizikia, na mama yake alinizuia barabarani akanipa viazi, akidhani mimi ndiye niliyemsaidia. Nilimwambia si mimi. Akasema nichukue tu.

Walubengo alipandishwa cheo mwaka huo huo, akaitwa kwenye ofisi kubwa zaidi. Tulimfanyia sherehe ya kuagana, soda na keki na mbuzi. Wiki moja kabla, aliniita akaniomba nimwandikie hotuba ya shukrani kwa Kiswahili kile kizuri, kama cha kijitabu. Alinipa karatasi tupu, amelamba kidole ili kuitenganisha na nyingine. Nilimwambia siwezi. Akauliza kwa nini, nikamwambia sitaki. Hotuba iliandikwa na mwalimu wa dini. Sikuhudhuria, lakini nilikuwa darasani mkabala na hema, na nilisikia makofi.